Daka la Pili

Kila Ijumaa baada ya isha
Lali hunipigia kutoka Doha,
na kila Ijumaa uso wake hukatika miraba miraba,
mdomo wazi, jicho moja limepanda paji,
sauti yabaki nyuma kama mtoto aliyenunia safari.
"Mama, mtandao wenu una nini?"

Nami nalipa. Kila tarehe tano nalipa,
risiti nazibana kwa pini.
Nikalaumu mvua. Nikalaumu kuta,
matumbawe haya ya babu, unene wa dhiraa nzima,
nikasema hazipitishi kitu.

Kumbe zapitisha.
Usiku mmoja nikashuka kutia komeo
nikakuta barazani kwangu vijana saba,
hawasemi, hawachezi karata,
nyuso zimewaka buluu kutoka chini
kama watu wanaochungulia kisima.
"Masalkheri, Bi Zena," wote kwa pamoja.
Adabu ile ndiyo iliyonitia shaka.

Kauthar, binti wa dada yangu, asomaye mitambo Mombasa,
alikuja likizo akakifungua kidude kwa simu yake.
Vyombo kumi na tisa.
Nyumba hii ina watu wawili, na paka hana simu.
Tukasoma majina: Bunu. Simba Mkali. Usiniulize.
Televisheni ya mtu, televisheni nzima,
imekaa kwangu tangu Mfunguo Sita
na haijanisalimu.

"Na neno la siri ni lipi, Khale?"

Nikanyamaza.
Mimi niliyeshika masijala ya wilaya miaka ishirini na minane,
funguo kiunoni, mafaili ya muhuri mwekundu,
niliyemnyima bosi mwenyewe faili mpaka atie sahihi:
neno langu lilikuwa moja mbili tatu nne
tano sita saba nane.
Fundi aliliweka siku ya kwanza.
Nilisema nitalibadilisha kesho.
Kesho ile ina miaka mitatu.

Kauthar hakucheka. Aliuma mtandio.
Akaanza na ufunguo wa kidude chenyewe,
ule wa kiwandani, ambao kila mwizi anao,
maana akiushika huo atakufungia nje ya nyumba yako.
Akazima kitufe cha kuunganisha kwa kubonyeza tu.
Kisha neno: refu, lisiwe jina la mtoto
wala mwaka wa harusi.
Nikachagua manne yasiyojuana.
Sitayataja; shairi nalo lina baraza lake.
Moja mama alilikosea kulitamka mpaka anakufa.

Usiku ule vijana walikuja, wakainua simu juu,
wakageuka huku, wakageuka kule,
kama wanaotafuta kibla katika nyumba ngeni,
wakaondoka mmoja mmoja.
Ijumaa Lali akanijia mzima,
hata chunusi ya kidevuni niliiona.
Nikafurahi. Sisemi uongo.

Jumatatu, hodi.
Tima, wa ng'ambo ya wikio, kidato cha nne,
daftari kifuani, macho sakafuni.
"Bi Zena, Usiniulize ilikuwa ni mimi.
Nilikuwa nasoma kemia."

Nikakaa kitako penye zidaka, nikafikiri.
Aliyezijenga nyumba hizi hakuwa mjinga:
kwanza daka, mgeni aketi, anywe kahawa, asikilizwe,
asione ndani.
Kisha tekani, kisha kiwanda, kisha msana,
na ndani ni ndani.
Hakuna aliyesema mlango ni uchoyo.

Nikampigia Kauthar: "Kidude chako kina daka?"
Hapo ndipo alipocheka.
"Kinalo, Khale. Huitwa mtandao wa wageni."

Sasa, magharibi hadi saa nne,
daka la pili liko wazi,
kasi yake ya kupimiwa kibaba,
neno lake hubadilika kila mwezi ukiandama.
Tima analo. Bunu alikuja kuomba mwenyewe,
akajitaja yeye na babake; nimempa.

Mwenye televisheni bado.
Namngoja. Nina swali moja tu:
alikuwa akitazama nini, usiku wote ule,
kwa pesa yangu?